Musiondoke mikono mitupu: jueni hesabu ya kwenu kabla ya kwenda kusoma afya ya umma

Neno letu kwa vijana wa Walikale na Masisi wanaojitayarisha kuingia masta, vakansi ya 2025



  

Leo tunasema na wale kati yetu waliomaliza lisansi, waforomo, waganga na wengine, na ambao kisha vakansi hii wataingia masta ya afya ya umma. Kuna watakaoenda École régionale de santé publique pale Bukavu. Kuna watakaovuka nchi mpaka École de santé publique ya Kinshasa. Kuna watakaoenda Makerere, na kuna watakaosomea Goma ama Butembo. Mumetuuliza: hii miezi mitatu, Julai mpaka Septemba, tufanye nini nayo?

Tunajua vile inapitaka. Kijana anapata nafasi, familia inafurahi, wanaanza kuchanga. Mjomba anauza mbuzi, mama anakopa ku likelemba, na vakansi yote inaisha kwa kutafuta minervali na pesa ya njia. Pesa ni shida ya kweli, hatuichezei. Lakini ya kichwa nani anaitayarisha? Kijana anafika darasani, mwalimu anamuuliza: "Kwenu kuna zoni ngapi za afya? Watu wangapi? Watoto wanakufa na nini?" Anajibu kwa yale alisoma ku ripoti ya shirika fulani la kigeni. Kwao amekulia, lakini hesabu ya kwao hana.

Basi neno letu ni hili: kijana wa Walikale asiende kusoma afya ya umma bila kwanza kujua hesabu ya kwao. Na tunaeleza juu ya nini, na namna ya kufanya.

Juu ya nini hesabu

Mganga anatazama mgonjwa mmoja aliye mbele yake. Afya ya umma inatazama kijiji kizima na kuuliza: juu ya nini watoto wa ng'ambo hii ya mto wanaugua kupita wale wa ng'ambo ile? Wazee wa Goma wanakumbuka Julai 1994. Wakimbizi laki nyingi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache. Kolera na kuhara damu viliingia pamoja nao, na mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa. Dawa ya kolera ilikuwa inajulikana tayari: maji safi, chumvi na sukari kwa kipimo, na serumu kwa waliozidiwa. Chenye kilikosekana ni maji ya kutosha na mpango wa kufikisha hiyo dawa kwa watu wengi vile kwa haraka vile. Watu walikufa na ugonjwa wenye dawa. Kazi munayoenda kusoma ni ya kuzuia jambo kama hilo.

Mwaka 2025 tuliona tena vile inakuwa. Mwisho wa Januari Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23. Tarehe 19 Machi ikawa zamu ya Walikale-centre, na wakaondoka mwanzo wa Aprili. Watu walikimbilia msituni, wengine njia ya Lubutu, na wakati wakirudi nyumba zilikuwa tupu. Wakati huo huo Marekani ilikata misaada. Miradi ilifungwa kwa wiki chache tu. Hata programu ya DHS, ile ya uchunguzi mkubwa wa afya nyumba kwa nyumba, ilisimamishwa Februari. Kongo ilikuwa imetoka tu kufanya uchunguzi wake wa tatu, wa 2023 na 2024, kisha ule wa 2007 na ule wa 2013 na 2014.

Kwa maneno mengine, waliokuwa wanatuhesabu walifunga ofisi. Swali linalobaki ni: nani sasa atatuhesabu? Makamaradi, hatuoni mwingine zaidi ya ninyi.

Kwanza: jueni zoni yenu

Kongo iko na zoni za afya 519. Kivu Kaskazini iko na 34. Teritware ya Walikale iko na zoni 4: Walikale, Kibua, Itebero na Pinga. Masisi pia iko na 4: Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi. Kama ulizaliwa Pinga na hukujua kama Pinga ni zoni yenyewe, na ofisi yake na hospitali yake, anza hapo.

Kila zoni inakatwa katika maeneo madogo ya afya. Kila eneo iko na kituo chake, na kila kituo kiko na muforomo titileri, yule anayebeba mambo yote: kuzalisha, kuchanja, kuandika, kupokea wageni, kuomba dawa. Chini yake kuko mareko, wanaopita nyumba kwa nyumba, na kamati ya afya ya wananchi, ile CODESA. Juu kuko ofisi kuu ya zoni na mganga mkuu wake, kisha divisheni ya mkoa, kisha wizara Kinshasa. Darasani mutachorewa hii piramidi siku ya kwanza. Wengi wataikariri. Sisi tunataka muijue kwa miguu.

Kazi ya Julai: fika ofisi ya zoni yako, jitambulishe, omba ruhusa kwa mdomo na kwa barua. Musiende kama wakaguzi. Muforomo titileri amekaribisha wakaguzi mingi, kila mmoja na fomu yake, na mara mingi fomu ikishaenda hairudi na kitu. Mwambie: "Papa, mama, mimi ni mtoto wa hapa, naenda kusoma, naomba nikae karibu yako siku kumi nijifunze." Beba maji, panga madaftari, saidia kujumlisha ripoti ya mwezi. Utajifunza pale kitu ambacho hakuna kitabu kitakupa: namna namba inazaliwa. Mtoto anafika na homa, muforomo anamchoma kidole, anasoma kile kipimo kidogo cha malaria, anaandika mstari mmoja katika rejista. Mwisho wa mwezi ile mistari inajumlishwa kwa kalamu, inabebwa na motari mpaka ofisi ya zoni, inaingizwa katika kompyuta, na Kinshasa wanaiona kwa DHIS2. Siku moja utaona kwenye skrini kama kituo fulani hakikuwa na malaria mwezi wa tatu. Kama umekaa pale utajua: malaria ilikuwako, vipimo njo vilikwisha, ama muforomo alikuwa amekimbia.

Kazi nyingine: choreni ramani kwa mkono. Wekeni kituo, mto, daraja, soko, shimo la madini, shule, makanisa, chemchemi. Umbali andikeni kwa masaa, musiandike kwa kilometa. Kilometa kumi ya njia ya gari siyo sawa na kilometa kumi ya msitu wakati wa mvua, na mama anayebebwa ku tipoyi. Ulizeni: toka kijiji cha mwisho mpaka hospitali, mama aliyeshindwa kuzaa anafika kwa saa ngapi? Ramani hiyo mutaitumia mpaka mwisho wa masta.

Pili: kabla ya kuhesabu wagonjwa, ulizeni watu ni wangapi

Hapa tusimame kidogo, juu hapa njo penye siri yote ya hiyo masomo.

Kila asilimia iko na namba mbili: ya juu na ya chini. Ya juu ni waliougua, waliochanjwa, waliokufa. Ya chini ni watu wote. Ya juu inaandikwa kila siku katika rejista. Ya chini inatoka wapi? Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi kati yetu wazazi wetu walikuwa watoto. Tangu pale ni kukadiria: unachukua namba ya zamani, unaongeza asilimia kila mwaka, unatengeneza pale penye mareko walipita. Ku Walikale, pamoja na vita, madini na watu wanaohama toka Masisi, hiyo namba ya chini inatembea kila siku.

Tuchukue mfano wa kufikiria. Kwa karatasi, eneo moja liko na watoto 400 wa chini ya mwaka mmoja. Muforomo amechanja 480. Asilimia 120. Wakubwa wanapiga mikono. Lakini hakuna anayeweza kuchanja watoto kupita waliopo. Kilichotokea ni kwamba familia za wakimbizi zimeingia, watoto wa kweli ni 800, na 320 hawakuchanjwa. Surua inahitaji asilimia 95 ya watoto wapate chanjo mara mbili ili isipate njia ya kupita. Hapa tuko na asilimia 60, na karatasi inasema 120. Surua ikiingia, watu watasema ni uchawi ama chanjo ni mbaya. Kumbe ni namba ya chini.

Kinyume chake pia kinaumiza. Kijiji kimekimbia nusu, muforomo amechanja watoto wote waliobakia, karatasi inamwambia amefanya asilimia 50. Anaonekana mvivu wakati alibakia chini ya risasi.

Hapa afya inakutana na uraia. Dawa zinagawanywa kwa namba ya watu. Vyandarua vinagawanywa kwa namba ya watu. Hata vyumba vya shule vinatazama hiyo namba. Asiye katika hesabu hana foleni ya kupangia. Kwa hiyo wakati tunadai sensa, hatudai kitu cha ofisi, tunadai maisha.

Kazi ya Agosti: jaribuni kuhesabu, lakini kwa akili. Kuhesabu watu mahali penye vita kunaweza kuonekana kama upelelezi, na mtu anaweza kufa juu ya daftari. Ongeeni kwanza na chefu wa kijiji, na muforomo titileri, na reko wa pale. Kama hali imeharibika, acheni, fanyeni zoezi kwa rejista za kituo. Kama njia iko wazi, chukueni nyumba 50 za avenyu yenu wenyewe, mukitembea na reko. Ulizeni: nani walilala hapa usiku wa jana? Watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi? Nani alizaliwa, nani alikufa, nani alihama tangu Pasaka? Musiandike jina la mtu hata mmoja.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme mumepata watu 300, na watu 2 walikufa kwa siku 100. Zidisha 300 kwa 100, unapata siku za watu 30,000. Gawanya 2 kwa 30,000, zidisha kwa 10,000: inakuja karibu 0.67 kwa watu 10,000 kwa siku. Ulimwengu wa misaada umekubaliana kama ikifika 1 ni hali ya dharura, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano ikifika 2. Nyumba 50 haziwezi kutoa jibu la zoni nzima, na musiende kutangaza hiyo namba ku Facebook. Ni zoezi. Lakini siku mwalimu atataja "siku za watu", wewe utakuwa umeona nyuso zake.

Tatu: chombo na lugha

Tuseme ukweli: wengi wanaoanguka mwaka wa kwanza hawaangushwi na magonjwa, wanaangushwa na takwimu. Rudilieni sehemu, asilimia, uwiano, wastani, grafu. Chukueni kitabu cha hesabu cha sekondari cha mdogo wenu bila haya.

Programu za kazi ni za bure. KoboToolbox inakusanya majibu kwa simu bila mtandao, na unatuma kisha kufika penye mtandao. Epi Info ya CDC ni ya bure. R ni ya bure, QGIS ya ramani ni ya bure. Hakuna haja ya kulipa mtu wa sekretaria akuwekee programu ya wizi yenye virusi. Aliye mjini apakue, aweke katika kadi ya simu, amtumie aliye Mubi na mtu wa njia. Kompyuta moja inatosha vijana watano: pangeni zamu, changeni pesa ya kuchaji pale penye sola. Ingizeni zile nyumba 50 ndani na mujifunzie na data yenu wenyewe. Data ya mfano iliyotoka Ulaya haitakushika moyo kama ile ya avenyu yenu.

Halafu Kiingereza. Kifaransa kitawafikisha darasani, lakini makala mingi juu ya Kivu imeandikwa kwa Kiingereza. Watu wamejadili vifo vyetu kwa lugha ambayo sisi hatukusoma. Someni muhtasari mmoja kila siku, hata kama ni kwa kamusi. Kwa siku 90 ni muhtasari 90.

Nne: someni ya karibu

Kuna watu wanaofikiri afya ya umma ni elimu ya kuleta na ndege. Hapa jirani, Kasongo, katika Maniema, waganga Wakongo na Wabelgiji wa taasisi ya Antwerp walifanya kazi miaka ya 1970, na mwaka 1981 wakachapisha katika The Lancet swali gumu: mtoto aliyekingwa na surua, je, anaishi kweli mpaka mwisho, ama anaokoka surua ili akufe kisha na kitu kingine? Wataalamu wa dunia walibishana miaka mingi juu ya watoto wa Kasongo. Ebola yenyewe ilijulikana mara ya kwanza 1976 pale Yambuku, na Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa kati ya wa kwanza kufika. Aina mpya ya mpox iliyofanya OMS itangaze dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024 ilionekana kwanza Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023.

Mumeona? Dunia inajifunza kwetu. Shida ni kwamba elimu inatoka kama vile kasiterite ya Bisie. Miaka ya nyuma vijana walibeba mifuko ya kilo 50 kwa mgongo toka Bisie mpaka Njingala, ndege zinatua ku lami ya Kilambo, mzigo unaenda. Leo ni kampuni kubwa, na mwaka 2024 Bisie ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Takwimu pia: reko anabeba kwa miguu, wengine wanasafisha, jina linalobaki juu ya makala ni la mbali. Tunataka majina yenu yawe juu, na majibu yarudi chini.

Tano: imani na siri

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilianza Agosti 2018 ikaisha Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa. Chanjo ilikuwako tangu siku za kwanza. Magari yalikuwako, pesa ilikuwako. Kilichokosekana ni imani. Watu waliuliza: juu ya nini munakuja mbio kwa Ebola wakati tunachinjwa Beni na hamukuja? Na wakati huo huo surua ilikuwa inaua Wakongo zaidi ya 6,000, wengi watoto, bila kelele. Lile swali lilikuwa la haki. Lilijibiwa na polisi na pesa, na hasira ikazidi, mpaka Aprili 2019 mganga wa OMS akauawa kwa risasi Butembo, ndani ya hospitali. Tunalaani mauaji hayo bila "lakini". Na tunasema: atakayerudi na masta bila kujua kusikiliza atarudia yale yale.

Kuhusu siri: mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua mpaka Mpofi, Luvungi ikiwa kati yake, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa kwa siku nne. Kisha wakaja watu wa kuuliza, mmoja nyuma ya mwingine. Ukiwa mwanafunzi utatamani na wewe kuuliza. Jizuie. Mama aliyebakwa anahitaji kwanza kufika kituoni ndani ya saa 72 ili apate dawa ya kuzuia ukimwi. Jueni ni kituo gani karibu yenu kiko na hiyo dawa leo, na kama imekwisha semeni kwa sauti. Hilo litamsaidia kuliko fomu yako. Na ukiandika kitu, hakuna jina, hakuna picha, hakuna kijiji kidogo ambacho kila mtu atamtambua.

Sita: karatasi na heshima yenu

Wengi mulipoteza diplome na relevé katika kukimbia. Musingoje Septemba. Anzeni sasa kuomba nakala, pigeni picha ya kila karatasi, tumeni kwa watu wawili munaoamini. Fanyeni ombi kwa kikundi: watu kumi mbele ya dirisha moja hawaombwi rushwa kirahisi kama mmoja. Mukidaiwa pesa isiyo na risiti, andikeni tarehe, saa na kiasi, na mutujulishe.

Kwa dada zetu, na kwa kaka pia: mtu akikuomba mwili wako ili akupe pointi ama nafasi, kosa si lako. Usibaki peke yako nalo. Tuko hapa, na tutatembea na wewe mpaka mwisho wa malalamiko.

Yale tunadai

Hatuwezi kuwawekea ninyi mzigo wote na kuacha wakubwa wakilala. Katiba, kifungu 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Mwaka 2001 pale Abuja marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, kila uchunguzi unaofanywa Walikale na Masisi urudishwe kwa wananchi, kwa mdomo, kwa Kiswahili na kwa lugha za pale, Kinyanga, Kikano, Kihunde, Kinyarwanda, ndani ya eneo ulikofanyiwa.

Pili, sheria ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya ile redevansi ya madini ni ya sekta ama chefferie penye shimo liko. Sekta ya Wanianga itangaze wazi mbele ya kanisa na soko ni kiasi gani imepokea, na sehemu yake iwe bursi ya vijana wa afya, wavulana na wasichana sawasawa, kwa mkataba wa kurudi kutumika ndani ya zoni.

Tatu, waforomo walipwe na serikali, na mareko waache kuitwa "wa kujitolea" miaka yote huku ripoti za kila mtu zikisimama juu ya miguu yao.

Nne, sensa. Mtu wa miaka 40 katika nchi hii hajawahi kuhesabiwa. Inatosha.

Na ninyi, tunawadai nini

Tunawadai karatasi tatu. Mwisho wa Septemba, kabla ya kila mmoja kuenda pale anaenda, tutaonana, kwa macho ama kwa simu. Kila mmoja alete ramani yake ya mkono, yenye masaa. Alete meza ya namba ya kituo chake, miezi sita, na chini yake aandike ni mwezi gani hauaminiki na juu ya nini. Na alete swali moja. Musilete lile litakalompendeza mfadhili. Leteni swali ambalo muforomo ama reko alikuuliza na hukuweza kumjibu: juu ya nini wamama wa kijiji hiki wanazalia nyumbani wakati kituo ni karibu? Juu ya nini vyandarua vinaisha upande wa shimo la madini mbele ya upande wa shamba?

Swali hilo libebeni miaka miwili. Mutasoma mengi, mutapata marafiki, mutaona miji yenye taa usiku kucha. Wengine mutapewa kazi nzuri mbali, na hatutamtukana mtu aliyepata kazi. Lakini aliyekupa swali anangoja jibu, na yeye hana namna ya kukufuata Kinshasa.

Vakansi ni fupi na mvua inakaribia. Anayetaka kuanza wiki hii, aandike jina la zoni yake tu, tutamwunganisha na wenzake wa pale. Pinga muko? Itebero muko? Kibua, Walikale, Masisi, Mweso, Kirotshe, Katoyi?

Tuko pamoja. Kazi njema.